Tausi wa Bara Hindi: nani kasema Kihindi kimeliharibu neno "mayura"? Tusome mawe ya Ashoka

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Kila ukizuka mjadala wa lugha za Bara Hindi, hakosi mtu wa kusema kwamba Kihindi kimeliharibu neno la Kisanskriti *mayūra* (tausi) hadi likabaki *mor*, na kwamba Kibengali ndicho kilicholitunza, kwa kuwa wao hadi leo husema *moyur*. Watu huyapokea maelezo hayo haraka kwa sababu yanaingia akilini kirahisi. Mimi siyakubali, na uzi huu ni wa kueleza kwa nini. Ni mrefu, mnivumilie.

Kwanza tupite lugha zenyewe. Kihindi na Kiurdu ni *mor*. Kipunjabi, Kigujarati, Kimarathi, Kikonkani na Kikashmiri nao *mor*. Kisindhi husema *moru*, maana Kisindhi, kama Kiswahili chetu, hutaka neno lifunge kwa irabu. Ukielekea mashariki mambo yanabadilika: Kimaithili *majur*, Kinepali *mujur*, Kiodia *mayura*, Kibengali huandika *mayūr* na kutamka *moyur*. Ukivuka maji hadi Sri Lanka, Kisinhala ni *monara*, na ndilo lililo ndani ya jina la mji wa Monaragala, yaani mwamba wa tausi.

Neno ni la kale mno. Limo katika Rigveda, tenzi za kidini ambazo umri wake unapita miaka 3000. Humo farasi wa mungu Indra wanasifiwa kuwa wana manyoya ya tausi, na kuna dua ya kuondoa sumu inayowaita matausi majike 21 waibebe sumu waende nayo, kama wanawake wabebavyo maji kwa mitungi. Ndege huyu anakula nyoka, ndiyo maana akaitwa kwenye dua ya sumu.

Sasa, *mayūra* limekuwaje *mor*? Hapa hakuna uharibifu wowote. Katika lugha zilizosemwa na watu wa kawaida baada ya Kisanskriti, ambazo kwa jumla huitwa Kiprakriti, konsonanti nyepesi zilizokaa katikati ya irabu zilikuwa zinadondoka. Y ikadondoka, likabaki *maūra*. Kisha a na u zikakutana zikayeyukiana zikawa o: *mora*. Mwisho kabisa irabu ya mwisho ikaachwa: *mor*. Neno la chumvi lilipita njia hiyo hiyo, *lavaṇa* likawa *loṇa*. Sisi tunaoona *ma* na *ino* zikikutana zikatoa *meno*, na *wa* na *izi* zikatoa *wezi*, hatuna sababu ya kushangaa. Hakuna anayesema neno "meno" ni neno lililoharibika.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote uko kwenye mawe. Mfalme Ashoka, katika karne ya 3 kabla ya Kristo, aliamuru matangazo yake yachongwe kwenye miamba sehemu mbalimbali za dola yake. Tangazo la kwanza linahusu jiko lake. Anasema zamani jikoni mwa mfalme waliuawa kila siku wanyama laki kwa laki kwa ajili ya mchuzi. Sasa wanauawa watatu tu, tausi wawili na paa mmoja, na paa mwenyewe si kila siku, na hata hao watatu baadaye hawatauawa.

Tangazo ni lile lile, lakini wachongaji walilifuata kwa lahaja tofauti. Hebu tazameni maneno hayo ya "tausi wawili, paa mmoja":

Girnar, karibu na Junagadh katika Gujarat ya leo: *dvo morā eko mago*.

Kalsi, kaskazini chini ya milima ya Himalaya: *duve majulā eke mige*.

Shahbazgarhi, upande wa Pakistani karibu na Peshawar, ambako waliandika kwa Kikharoshti, hati inayokwenda kulia kwenda kushoto: *majura duvi*, na paa ni *mrugo*.

Mnaona? *Mora* tayari ipo kwenye jiwe zaidi ya miaka 2200 iliyopita, na ipo Gujarat, ambako hadi leo wanasema *mor*. Wakati huo huo kwingine neno bado lina silabi zake tatu. Na lile *majulā* la Kalsi, lenye l mahali pa r, ni lafudhi ya ikulu ya Pataliputra, mji ambao leo ni Patna. Lahaja hiyo iligeuza kila r kuwa l. Hata *rājā*, mfalme, Ashoka mwenyewe anajiita *lājā*. Kwetu wapo mamilioni wanaobadilishana r na l na huonwa kama wameteleza ulimi, kumbe kuna dola lililotawala karibu Bara Hindi lote kwa matamshi hayo.

Na paa naye msimwache. Kisanskriti chake ni *mṛga*, chenye ile ṛ inayokaa mahali pa irabu. Girnar wameigeuza a (*mago*), Kalsi i (*mige*), Shahbazgarhi *ru* (*mrugo*). Sentensi moja ya jikoni imetuachia ramani ya lahaja za wakati huo.

Nitaendelea na Kibengali hapo chini, maana ndiko ubishi wenyewe uliko.

#2 Mleta uzi

Naendelea.

Kibengali kingekuwa kimelitunza *mayūra* mdomoni tangu zamani, tungelikuta hivyo katika maandishi yake ya kale. Maandishi hayo yapo. Ni Charyapada, nyimbo za wacha-Mungu wa Kibuddha, ambazo nakala yake ya majani ya mtende Haraprasad Shastri aliikuta katika maktaba ya kifalme huko Nepal mwaka 1907, akaichapisha mwaka 1916. Wabengali wanazihesabu nyimbo hizo kuwa zao, Waassam, Waodia na Wamaithili nao vivyo hivyo, kwa hiyo ni shahidi wa upande wote wa mashariki.

Katika wimbo mmoja kuna binti wa kabila la Washabara anayeishi juu kabisa milimani. Amejipamba kwa manyoya ya tausi na shingoni ana kidani cha mbegu za gunja, zile nyekundu zenye jicho jeusi. Manyoya yake yameandikwaje? *Moraṅgi pīccha*. Ni *mora*, si *mayūra*.

Maana yake mashariki nao walikuwa na *mora*. *Moyur* ya leo imerudi baadaye kutoka kwenye vitabu, kwa mikono ya waandishi na wanazuoni waliokuwa wakisoma Kisanskriti. Wanasarufi wa India wana majina ya vitu hivi: neno lililoshuka kwa vinywa vya watu kizazi hadi kizazi huitwa *tadbhava*, yaani lililotokana na lile, na neno lililochukuliwa moja kwa moja kitabuni huitwa *tatsama*, sawa na lile. *Mor* ni tadbhava. *Moyur* ni tatsama iliyovaa matamshi ya Kibengali.

Kihindi chenyewe kina yote mawili. Ndege shambani ni *mor*. Ukitaka jina la mtoto, la mtaa au la shairi, unachukua *Mayur*. Delhi kuna kitongoji kinaitwa Mayur Vihar, lakini mtoto wa hapo hapo akimwona ndege juu ya ukuta atapiga kelele "mor!"

Kwa hiyo ukiniuliza ni nani aliyelitunza neno, nitasema ni mkulima wa Gujarat na Rajasthan, ambaye hajaacha kulisema hata siku moja.

#3 Kijana wa Kisutu

Mkuu, shukrani sana kwa uzi huu. Mimi nimekulia Kisutu hapa Dar, majirani zetu wengi Wagujarati. Kulikuwa na bibi mmoja mwenye duka la viungo, mtu akimsifia mjukuu wake kwa akili, anajibu kwa Kigujarati: *mornā īṇḍā chītarvā na paḍe*. Mwanawe alinifasiria: mayai ya tausi hayahitaji kuchorwa marembo. Yaani yai lenyewe ni jeupe tu halina rangi, lakini anayetoka humo atakuwa na marembo yote ya baba yake bila mtu kumpaka. Sisi tungesema mtoto wa nyoka ni nyoka, ila yao ni ya sifa njema.

Swali langu. Bibi huyo huyo, embe la uani likianza kutoa maua, alisema mwembe umetoa *mor*. Je, ni neno lile lile? Wamefananisha maua ya mwembe na mkia wa tausi?

#4 Mleta uzi

Ndugu wa Kisutu, swali zuri sana.

Ni maneno mawili tofauti yaliyogongana njiani. *Mor* ya mwembe imetoka kwa *mukula*, au *mukura*, chipukizi la ua. K ya katikati ikadondoka, zikabaki u mbili zinakabana na l au r nyuma yake, mwisho wake Kigujarati kikafika *mor*. Kimarathi hakikufika mbali hivyo, wao ua la mwembe ni *mohor* na tausi ni *mor*, hawachanganyi. Kihindi ua hilo ni *baur* au *maur*. Kwa hiyo Mgujarati peke yake, kati ya hao watatu, ndiye mwenye tausi na ua la mwembe kwa sauti moja, kama sisi tulivyo na kaa wa baharini na kaa la moto.

Na ongeza hili: Kibengali cha mashairi na Kiawadhi wana *mor* yenye maana ya "wangu". Wapo wanaotaja hilo kuwa sababu iliyowafanya Wabengali waipendelee *moyur*, ili ndege asichanganyike na "wangu". Kwangu sababu hiyo haina nguvu. Lugha huishi na maneno ya sauti moja miaka nenda rudi bila taabu, na Kigujarati ndicho mfano.

Hiyo methali ya mayai, mkuu, ihifadhi. Kihindi nao wana yao maarufu: *jangal mein mor nācā, kisne dekhā*. Tausi kacheza porini, nani kamwona? Humwambia mtu anayefanya jambo zuri pasipo na mashahidi.

#5 Mpwani

Assalaam aleikum wanajukwaa. Sasa "tausi" yetu imeingiaje hapa? Maana sisi na Wahindi ni watu wa bahari moja, jahazi zimeenda na kurudi, mbona hatukuchukua *mor*?

#6 Mleta uzi

Wa aleikum salaam, shehe wangu.

"Tausi" tumeipata kwa Waarabu, *ṭāwūs*, nao chanzo chao kinarudi kwenye Kigiriki *taōs*. Wanazuoni wengi huona kwamba Wagiriki nao waliipata kutoka mashariki pamoja na ndege mwenyewe, maana hawakuwa naye kwao. Katika Biblia ya Kiebrania, merikebu za Sulemani zinaleta ndege wanaoitwa *tukkiyyim*, ambao tafsiri ya Kiswahili inawaita tausi, na neno hilo hufungamanishwa na *tōkai* ya Kitamil, mkia wa tausi. Basi inawezekana neno letu la Kiswahili nalo ni la Bara Hindi, ila limepita njia ndefu ya kaskazini kabla ya kushuka pwani.

Na si sisi tu. Kiurdu kina *mor* ya kila siku na *tā'ūs* ya heshima kutoka Kiajemi. Kiti cha enzi cha Shah Jahan, mfalme wa India, kile kilichopambwa kwa vito na tausi, jina lake ni *Takht-e-Tā'ūs*. Nadir Shah, mfalme wa Uajemi, alipoivamia Delhi mwaka 1739 akakichukua akaenda nacho Uajemi. Masingasinga wa Punjab nao wana ala ya nyuzi iliyochongwa umbo la tausi, shingo juu na miguu chini, wanaiita *tāūs*, ilhali kwa Kisanskriti ala hiyo ni *mayūrī vīṇā*. Ndege huyo huyo, kwa Mpunjabi, akiwa shambani ni *mor*, akiwa ala ya ibada ni *tāūs*.

Kuhusu jahazi, kuna kisa katika Jataka, hadithi za maisha ya Buddha yaliyotangulia, zilizoandikwa kwa Kipali, lugha ya vitabu vya Kibuddha. Wafanyabiashara wa India wanafika nchi ya Baveru, ambayo wanazuoni wanaitambua kuwa Babeli. Mara ya kwanza wamebeba kunguru, na watu wa huko, ambao hawajaona ndege wa namna hiyo, wanamtunza kama mfalme. Safari ya pili wanakuja na tausi aliyefunzwa: ukimdatia kidole analia, ukimpigia makofi anacheza. Kunguru hakuangaliwa tena. Kipali katika visa hivi kinatumia *mora*, angalia tena, si *mayūra* pekee.

#7 Mtu wa Bara

Naongezea kidogo. Tausi tunaowaona Ikulu ya Dar es Salaam, na wale waliopelekwa Chamwino, ni hao hao wa India, wa bluu. India walimtangaza ndege wa taifa mwaka 1963. Yupo tausi wa Afrika pia, wa misitu ya Kongo, ambaye James Chapin alimtambulisha kwa wanasayansi mwaka 1936 baada ya kuanza na unyoya mmoja tu aliouona miaka mingi nyuma kwenye kofia ya mwenyeji. Lakini huyo ni jamii nyingine, na hana mkia ule mrefu.

Mleta uzi, nina pingamizi. Nimewahi kusoma kwamba *mayūra* si neno la Kiarya (jamii ya Kisanskriti na Kihindi) kabisa, ni la Kidravidi (jamii ya Kitamil na lugha nyingine za kusini mwa India). Kama ni hivyo, kusema limetoka Kisanskriti ni kuanzia katikati ya safari.

#8 Mleta uzi

Mkuu, pingamizi lako nimelipokea kwa mikono miwili, kwa sababu ni kweli Kisanskriti si mwanzo wa safari.

Ukitafuta ndugu wa *mayūra* katika Kigiriki, Kilatini au lugha za Kirusi na jirani zake, humpati. Kilatini ni *pavo*, mambo mengine kabisa. Hilo halishangazi: tausi wa bluu kwao ni Bara Hindi na Sri Lanka. Wasemaji wa Kiarya walipoingia kutoka kaskazini-magharibi walimkuta ndege wasiyemjua, na wenyeji tayari wana jina lake. Kitamil na Kimalayalam ni *mayil*, Kikannada *navilu*, Kitelugu *nemali*. Thomas Burrow, aliyefundisha Kisanskriti Oxford, aliliweka *mayūra* kati ya maneno yaliyoazimwa kutoka Kidravidi. Wengine wanatazama upande wa Kimunda, jamii nyingine ya lugha za India, ambako Kisantali kina *marak*. Mimi naegemea Kidravidi, kwa sababu *mayil* na *mayūra* zimekaribiana mno hapo mwanzo, na Kidravidi kina umbo lake katika matawi yake mengi.

Lakini angalia jambo hili linavyomalizana na dai la "Kihindi kimeharibu". Kama Kisanskriti chenyewe kiliazima na kurekebisha kwa ulimi wake, basi *mayūra* nalo ni kituo tu, sawa na *mor*.

#9 Binti Lamu

Kaka, nimependa hilo la lahaja. Nina swali kuhusu Kinepali. *Mujur* ile j imetoka wapi? Kwetu sisi watu wa Amu husema *moya* na *yua*, nyinyi mnasema *moja* na *jua*. Ni mchezo huo huo?

#10 Mleta uzi

Dada yangu wa Lamu, umenipa mfano ambao nilitamani niuweke mwanzo. Sauti ni jirani kinywani, ulimi unagusa sehemu ile ile ya kaakaa, ndiyo maana y na j hubadilishana nafasi huko na huku.

Ila tofauti ipo. Kwenye lugha za Kiarya, y ya mwanzo wa neno iligeuka j karibu kila mahali: *Yamunā*, ule mto, ukawa *Jamnā*, na *yātrā*, msafara wa ibada, ikawa *jātrā*. Y ya katikati ya irabu, kama nilivyosema, yenyewe ilidondoka. Kwa kanuni hiyo Kinepali kilitakiwa kuwa na *mor*. Kuwepo kwa j katikati kunaonyesha kwamba *mujur* na *majur* ya Kimaithili yamepita kwa wasomaji: mtu ameliona *mayūra* limeandikwa, akalitamka y yake kama j jinsi walivyozoea kusoma Kisanskriti upande ule, kisha watu wakaliokota kwake na kulizungusha hadi irabu ya kwanza ikafanana na ya pili. Neno la kitabu lililoshuka mitaani. Hayo ni maoni yangu, na lile *majura* la Shahbazgarhi halinipingi, maana huko kaskazini-magharibi j na y katikati ya neno zilikuwa zinaandikwa kwa kupokezana.

#11 Kijana wa Kisutu

Mkuu, na jike lake je? Maana bibi yule hakusema *morni* kama kwenye filamu za Kihindi. Alikuwa na neno jingine.

#12 Mleta uzi

Alisema *ḍhel*, bila shaka. Kihindi kinachukua *mor* na kulibandika kiishio cha kike, *mornī*, ndilo msichana mwenye mwendo mzuri anasifiwa nalo. Kigujarati kina neno lake kando, *ḍhel*, lisilofanana na *mor* hata kidogo. Kimarathi ni *lāṇḍor*, na mwanzoni mwake kuna *lāṇḍā*, aliyepungukiwa mkia, kwa hiyo Mmarathi amemtaja jike kwa kile asichonacho.

Hata mlio wa dume una maneno yake. Kisanskriti kiliuita *kekā*, na tausi akaitwa *kekin*, mwenye *kekā*. Mgujarati anauita *ṭahuko*. Ukifika Gujarat mwezi wa Ashadh, Juni kuelekea Julai, pepo zile zile za kusi zinazopita pwani yetu zinakuwa zimeshawafikishia mawingu, na alfajiri kijiji kizima kinaamshwa na *ṭahuko* kutoka juu ya mapaa.

Anayesoma Kimarathi au Kikonkani kwa ufasaha aje atusaidie na majina ya manyoya na ya kishungi, hapo mimi nimeishia.